Namna ya Kutumia Fonti ya Mwandiko wa Kuchangamka kwenye Lebo, Kadi na Mabango

Kila wiki huingia mtu katika steshenari yetu, si mbali na soko la Darajani, akiwa ameshika simu yenye picha ya lebo au kadi aliyoiona mahali, akauliza maswali yale yale matatu: herufi hizi zinaitwaje, zinapatikana wapi, na kwa nini nilipozitumia mimi kazi haikupendeza kama hii. Maswali mawili ya mwanzo hujibiwa kwa dakika moja. La tatu ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu herufi nyingi za namna hii zimechorwa na watu waliozipima kwa maneno ya lugha zao, na zinapokutana na maneno yetu hufanya mambo ambayo mchoraji hakuyatazamia.

Fonti ninazozizungumzia ni zile zinazoiga mwandiko wa mtu aliyeandika kwa furaha na bila ya rula. Herufi hazikai sawasawa juu ya mstari, moja imeinuka kidogo na jirani yake imeshuka, ncha ni za mviringo kama zilizoandikwa kwa maka peni, na unene wa mstari hubadilika njiani. Zimekusudiwa kwa maneno machache yaliyoandikwa makubwa, kama vile jina la juisi, kichwa cha kadi, au neno moja juu ya bango. Baadhi ya zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila ya malipo katika Google Fonts, tovuti ya fonti ya Google, ni Pacifico, ambayo ni nene na herufi zake zimeshikana. Caveat, iliyo nyembamba kama ya mtu anayeandika kwa haraka. Patrick Hand, ambayo kila herufi imesimama peke yake. Indie Flower, yenye mviringo wa daftari la mwanafunzi. Na Amatic SC, ambayo ni ndefu, nyembamba, na haina herufi ndogo kabisa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, nao ni lebo ya chupa ya nusu lita ya juisi ya bungo. Anayetaka kadi ya harusi au bango la skuli ya maandalizi atafuata hatua zile zile, na pale zinapoachana nitasema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Word au Inkscape (hii ya pili hailipiwi), au simu ya Android yenye programu ya Pixellab. Canva nayo inafaa, ila akaunti ya bure hukuruhusu kutumia fonti zilizomo humo tu. Kuingiza fonti yako mwenyewe kunahitaji akaunti ya kulipia.
- Maneno yako yote, yakiwa yameandikwa kwenye karatasi na kusomwa na mtu mwengine. Usianze kupanga herufi ukiwa bado hujaamua kama utaandika "juisi ya bungo" au "juisi ya mabungo".
- Rula, mkasi, karatasi kadhaa za A4, na chupa yenyewe. Chupa ni lazima. Lebo iliyopangwa kwa kukisia ukubwa wa chupa hurudiwa mara mbili.
- Jibu la mchapishaji wako kwa swali hili: je, printa yake ni ya wino wa maji au ya tona ya unga? Utaona umuhimu wake mwishoni.

Hatua za kazi

1. Tenganisha maneno yatakayochangamka na yale yatakayotulia.

Chukua ile karatasi ya maneno, kisha upigie mstari maneno yasiyozidi matatu au manne. Hayo ndiyo yatakayoandikwa kwa fonti ya kuchangamka. Katika lebo yetu ni "Juisi ya Bungo" peke yake. Ujazo wa chupa, vilivyotumika kuitengeneza, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika na namba ya simu vyote vitaandikwa kwa fonti tulivu. Mteja anayetafuta tarehe ya mwisho anataka tarehe, hana haja ya madoido.

Pima pia kama jambo lenyewe linakubali mchezo. Mwaliko wa siku ya michezo ya watoto unakubali, na vivyo hivyo lebo ya kashata, ubao wa bei wa banda la urojo, na tangazo la pikiniki ya sikukuu. Tangazo la hitima halikubali, wala barua ya kwenda kwa sheha. Mfano wa kosa la upande wa pili unajulikana sana: mwaka 1994 Vincent Connare, aliyekuwa mfanyakazi wa Microsoft, aliona mbwa wa katuni katika programu ya kompyuta akizungumza kwa maneno yaliyoandikwa kwa Times New Roman, akaona haviendani, na hapo ndipo ilipoanza Comic Sans. Ilikusudiwa kwa ajili ya mbwa wa katuni. Watu wakaibeba mpaka kwenye matangazo ya misiba, na lawama ikabaki kwa fonti.

Nitaongeza jambo moja hapa, kwa kuwa wateja wangu wengi ni akina mama wanaojua kanga kuliko mimi. Jina la kanga linaweza kuwa la utani, la mapenzi au la kumchoma jirani moja kwa moja, lakini aghalabu limeandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima bila ya pambo lolote. Neno lenyewe ndilo linalocheza. Ukiwa na maneno makali au ya kuchekesha, fikiri kwanza kama yanahitaji fonti ya kuchekesha juu yake.

2. Pakua fonti pamoja na leseni yake.

Fonti unayoipakua huja katika faili lililobanwa, ambalo jina lake linaishia na .zip. Ukilifungua utakuta faili moja au zaidi linaloishia na .ttf au .otf, ambalo ndilo fonti yenyewe, na mara nyingi faili la maandishi linaloeleza masharti. Lisome hilo la pili. Fonti zilizo chini ya leseni ya SIL Open Font License, ambayo ndiyo leseni ya fonti nyingi za Google Fonts, zinaruhusiwa kutumika hata kwa biashara. Unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Angalizo: tovuti nyingi hutoa fonti "za bure" ambazo masharti yake yanasema ni kwa matumizi binafsi tu. Kadi ya kumpongeza mwanao ni matumizi binafsi. Lebo ya juisi unayoiuza ni biashara, hata kama unauza chupa kumi kwa siku mlangoni kwako. Aidha, fonti za namna hiyo mara nyingi ni za maonesho tu na zimeondolewa tarakimu au alama, jambo linalotuleta kwenye hatua inayofuata.

3. Ijaribu fonti kwa Kiswahili kabla ya kuipenda.

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila anayeanza huiruka, na ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote. Picha za kutangaza fonti huonesha maneno yaliyochaguliwa ili ipendeze. Wewe iandikie maneno yako. Katika ukurasa wa kila fonti wa Google Fonts kuna sehemu ya kuandika maneno ya majaribio. Andika hapo sentensi hii kama ilivyo:

Ng'ambo kuna karanga, pilipili na maandazi 1,700/=

Sentensi hiyo haina maana kubwa, lakini kila neno limewekwa kwa sababu.

"Ng'ambo" ni kwa ajili ya ritifaa, yaani ile alama iliyo baada ya Ng. Ipo fonti ambayo haina alama hiyo, ipo nyingine ambayo imeiweka mbali hadi neno linaonekana kama maneno mawili, na ipo inayoichora kubwa kama mkia wa herufi. Kwa wenzetu wa lugha nyingine alama hii inaweza kuonekana kuwa ni jambo dogo, ila kwetu ng'oa ni kitu kimoja na ngoa ni kingine. Fonti isiyokuwa na ritifaa nzuri iache, hata kama jina la bidhaa yako halina alama hiyo, kwa sababu kesho utaitumia tena kwa kazi nyingine.

"Kuna" ni kwa ajili ya n na u. Katika miandiko mingi ya haraka n huandikwa ikiwa wazi juu na kufungika chini, ikawa u. Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Niliwahi kumtengenezea muuza supu bango lenye maneno "Hapa kuna supu" kwa fonti nyembamba iliyoshikana, ambayo kwenye skrini niliiona nzuri sana kwa kuwa nilikwisha jua ninachokisoma. Mtu wa kwanza kupita akasimama, akasoma kwa sauti "Hapa kuua supu", akaendelea na safari yake. Bango lilishushwa adhuhuri ile ile, na gharama ya la pili niliibeba mimi.

"Karanga" na "maandazi" ni kwa ajili ya a, ambayo katika sentensi hiyo fupi imo mara tisa. Hakuna herufi inayojirudia katika Kiswahili kuliko hiyo. Mtu anayeandika kwa mkono hawezi kuandika a tisa zilizo sawa, lakini fonti ya kawaida hurudia umbo lile lile kila mara, na jicho hugundua. Ikiwa a ya fonti ina pambo kubwa, kwa mfano mkia mrefu au kitanzi juu, pambo hilo litajirudia mara tisa na neno litafanana na mnyororo. Chagua fonti ambayo a yake ni ya kawaida na pambo limo katika herufi zinazotokea kwa nadra, kama vile herufi kubwa za mwanzo. Baadhi ya fonti za OpenType, ambayo ni aina ya faili la fonti, zina maumbo mawili au matatu ya herufi moja na huyapokezana zenyewe. Ukiandika "maandazi" ukaona a mbili za mwanzo hazifanani, umepata fonti nzuri.

"Pilipili" ni kwa ajili ya i na l. Neno hilo lote ni vijiti: ikiwa l ni fupi na nukta za i zimeruka juu sana, utapata kitu kinachofanana na uzio wa makuti. Wauza viungo wanaotengeneza pakiti za pilipili manga na hiliki wazingatie hapa zaidi kuliko mtu mwengine yeyote.

Mwisho ni bei. Tazama kama 1 na 7 zinatofautiana, kwani miandiko mingi huipa 1 kofia na 7 huikunja, na mnunuzi akasoma bei nyingine. Tazama pia kama fonti ina mkato, mshazari na alama ya sawasawa, maana bei zetu tunaziandika hivyo na ukikosa moja itatokea kisanduku kitupu mahali pake. Binafsi sikushauri kuandika bei kwa fonti hizi hata kama zimepita jaribio lote.

Ukimaliza sentensi hiyo, andika jina lako la bidhaa. Katika "Juisi" angalia u na i zilizofuatana, ambazo katika herufi za kushikana huonekana kama w yenye nukta. Mpe simu mtu ambaye hajui unatengeneza nini, mwambie asome. Akisita, tafuta fonti nyingine.

4. Isakinishe.

Katika Windows, bofya faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague "Install". Katika Pixellab, weka faili katika folda moja ya simu, kisha uielekeze programu kwenye folda hiyo kupitia sehemu ya fonti zako. Ikiwa Word ilikuwa wazi, ifunge na uifungue tena.

5. Andika jina na ulipe ukubwa wake.

Anza kwa kupima sehemu ya chupa inayoonekana bila ya kuizungusha. Chupa ya nusu lita ina mzunguko wa karibu sentimita 20, lakini jicho la mtu aliyesimama mbele yake huona kama theluthi moja tu, yaani sentimita 6 au 7. Jina lote liingie humo. Kama haliingii katika mstari mmoja, ligawe: "Juisi ya" juu kwa ukubwa mdogo, na "Bungo" chini kwa ukubwa wa mara mbili. Mgawanyo wa namna hiyo mara nyingi hupendeza kuliko mstari mmoja, kwa kuwa fonti hizi hupenda kuwa na neno moja linaloongoza.

Kwa mabango ya kusomwa kwa mbali, mafundi wa mabango hukadiria sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Bango litakalosomwa na mtu aliye upande wa pili wa barabara, mita 12 kutoka hapo, linahitaji herufi za sentimita 10. Usitegemee namba ya ukubwa iliyo kwenye programu. Ukubwa wa 72 ni inchi moja, lakini hiyo ni inchi ya kisanduku cha herufi, na a ndogo ndani yake inaweza kuwa chini ya nusu yake. Chapisha, weka rula juu ya a, usome.

Makosa matatu ya hatua hii nayaona kila siku:

Kuandika herufi kubwa tupu. Fonti za kushikana kama Pacifico zimechorwa ili herufi kubwa ianze na ndogo zifuate. Ukiandika "JUISI YA BUNGO" kila herufi itasimama na mapambo yake kama watu watano wanaozungumza pamoja. Anayetaka herufi kubwa achague fonti iliyochorwa hivyo tangu mwanzo, kama Amatic SC.

Kuachanisha herufi. Ukiongeza nafasi baina ya herufi za kushikana, viungo vyake hukatika na neno huwa vipande. Kupanga maandishi yajae pande zote mbili katika programu fulani kunaweza kuleta balaa hilo hilo bila ya wewe kujua.

Kuvuta neno kwa kona ili lijaze nafasi. Mistari ya kusimama hunenepa na ya kulala hukonda, na mwandiko unapoteza mkono wa aliyeuandika. Ongeza ukubwa, au badilisha mgawanyo wa mistari, lakini usivute.

6. Itafutie fonti tulivu ya kuandamana nayo.

Maneno mengine yote yaliyobaki yaandikwe kwa fonti moja ya kawaida, iliyo wazi na isiyo na pambo, kama vile Open Sans au Arial. Fonti mbili za kuchangamka katika lebo moja hugombana, na tatu ni vurugu. Kwa maandishi madogo ya lebo usishuke chini ya ukubwa wa 7 au 8. Chupa hushikwa kwa mkono, lakini pia hushikwa na wazee.

Wenye kadi za harusi wana jambo la ziada. Kadi nyingi za kwetu huanza na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, na fonti hizi za mwandiko kwa kawaida hazina herufi hizo. Ukiyabandika maneno hayo ndani yake, kompyuta itachukua fonti nyingine yoyote iliyonayo, na programu za zamani hata huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto. Tumia fonti ya Kiarabu ya Naskhi, mfano Amiri, ambayo pia ni ya bure, na umpe mtu anayesoma Kiarabu aikague kabla ya kuchapisha. Majina ya maharusi yanaweza kuandikwa kwa mwandiko wa kuchangamka chini yake, ila acha nafasi ya kutosha baina ya viwili hivyo ili heshima ya mstari wa juu ibaki.

7. Chagua rangi ukiwa umeijaza chupa.

Juisi ya bungo ni ya rangi ya manjano iliyokoza. Wanaochapisha kwenye stika angavu mara kwa mara huchagua herufi za manjano au za machungwa kwa sababu zinafanana na tunda, na juu ya karatasi nyeupe zinapendeza. Stika ikibandikwa kwenye chupa iliyojaa, jina hutoweka. Tumia kahawia iliyokoza, kijani kibichi au nyeupe nzito. Kanuni hii inazihusu zaidi fonti nyembamba, kwani mstari mwembamba ukikosa rangi ya kutofautiana haubaki kitu.

Kivuli, mng'aro na mstari wa pembeni viweke kando mpaka uzoee. Mstari wa pembeni hasa ni adui wa herufi za kushikana: mahali herufi mbili zinapopandana, mistari yote miwili huonekana na neno hujaa makovu.

8. Chapisha nakala moja, uibandike, urudi nyuma.

Kata kwa mkasi, ibandike kwenye chupa yenye juisi, iweke juu ya meza, usogee hatua nne au tano. Fumba macho nusu. Ikiwa "Bungo" bado linasomeka, lebo imepita. Kisha itoe nje kwenye jua la saa saba, kwa sababu kinachosomeka chini ya taa ya ndani kinaweza kupauka chini ya mwanga wa Forodhani. Bango nalo lipimwe kwa namna yake: bandika karatasi ya A4 yenye neno moja la ukubwa kamili ukutani, nenda ukakae kwenye baraza ya upande wa pili, usome kutoka hapo.

9. Tayarisha faili la kupeleka kwa mchapishaji.

Kompyuta ya mchapishaji huenda haina fonti yako. Ukimpelekea faili la Word, jina lako linaweza kutokea kwa Times New Roman au nyingine yoyote. Njia nyepesi ni kuhifadhi kazi kama PDF, ambayo kwa kawaida huibeba fonti ndani yake. Njia iliyo salama zaidi ni kuyageuza maandishi kuwa michoro: katika Inkscape chagua neno ubonyeze Shift, Ctrl na C kwa pamoja, katika CorelDRAW ni Ctrl na Q. Kabla ya kufanya hivyo hifadhi nakala nyengine ambayo haijageuzwa, kwani neno likishakuwa mchoro huwezi tena kusahihisha tahajia. Ongeza milimita 3 za rangi ya nyuma kila upande kwa ajili ya kukatwa, na mikia mirefu ya herufi isifike ukingoni.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

Visanduku vinatokea mahali pa baadhi ya herufi. Fonti haina alama hizo. Hakuna dawa ndani ya fonti hiyo. Badilisha fonti, au iandike alama iliyokosekana kwa fonti nyingine inayokaribiana nayo kwa unene.

Ritifaa imegeukia upande usio wake. Hutokea zaidi neno likinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu. Ifute, uiandike upya kwa kibodi ukiwa ndani ya programu ile ile. Ikikataa, jaribu alama iliyonyooka badala ya iliyopinda, kwani fonti nyingine zina moja tu kati ya hizo mbili.

Kichwa cha J au mkia wa g umekatwa. Katika Word, sababu kubwa ni nafasi ya mistari iliyowekwa kwa kipimo maalumu. Irudishe kuwa ya mstari mmoja wa kawaida. Ikiwa maneno yamo katika kisanduku, kipanue kisanduku.

Herufi zimechapishwa zikiwa na ukungu. Mara nyingi kazi ilitumwa kwa WhatsApp kama picha, na WhatsApp huzipunguza picha. Itume kama dokumenti. Ikiwa ni picha tangu mwanzo, itengeneze kwa nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa halisi wa lebo. Picha ya skrini ya simu haitoshi, nami huikataa ingawa najua mteja ataondoka amekasirika.

Neno linasomeka kwako lakini si kwa wengine. Rudi hatua ya tatu. Wewe huwezi tena kuwa shahidi, kwa sababu umelitazama mara mia.

Wino umechuja. Hili ndilo swali la printa nililoliahidi. Lebo iliyochapishwa kwa wino wa maji hukaa vizuri mpaka chupa iingie kwenye barafu. Inapotolewa ikiwa imeloa, mtu huishika kwa mkono na "Bungo" linabaki kwenye viganja. Omba printa ya tona, au stika isiyopitisha maji iliyotengenezwa kwa ajili ya wino huo. Ikiwa lebo zimekwisha chapishwa na huna fedha ya kurudia, zifunike kwa selotepu pana angavu inayozidi ukingo wa karatasi kwa nusu sentimita kila upande, na uzibandike chupa zikiwa kavu, kabla ya kuziweka kwenye baridi.